Bomba Lililoitika: Kumbukumbu za Mwanaisimu katika Darasa la Fizikia, Buguruni

Insha hii si makala ya utafiti. Haina data zilizokusanywa kwa utaratibu wala nadharia inayojaribiwa, na ninamwomba msomaji aipokee hivyo. Ni maelezo ya miezi tisa ya mwaka 2022 ambapo mimi, mwalimu wa isimu wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, nilikuwa mwanafunzi wa jioni wa Fizikia ya kidato cha nne katika kituo kimoja cha masomo ya ziada kilichoko Buguruni, Dar es Salaam. Nimeona ni wajibu wangu kuyaandika kwa sababu niliyoyaona huko yanaigusa kazi yetu ya uundaji wa istilahi. Aidha, yalinifichulia kosa langu mwenyewe, kosa ambalo lilikwisha kuingia katika kumbukumbu za kikao rasmi.

Chanzo chake ni swali la mwanafunzi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha fonetiki, na kila mwaka hufika mahali pa kueleza kwamba ala za sauti za mwanamume mzima, zikiwa zimetulia bila ya ulimi kuinuka wala midomo kuviringwa, hutoa vilele vya nguvu ya sauti karibu na hezi 500, 1500 na 2500. Namba hizo nilizijua kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake. Mwishoni mwa mwaka 2021 mwanafunzi wa uzamili, mtu mpole asiyependa ubishi, aliuliza kwa nini ziwe moja, tatu na tano. Kwa nini zisiwe moja, mbili na tatu. Nilimjibu kwamba ndivyo alivyoonyesha Gunnar Fant katika kitabu chake cha mwaka 1960. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na halikuwa jibu. Yule mwanafunzi aliandika jina la Fant katika daftari lake, akanishukuru, nami nikarudi nyumbani nikiwa na fedheha ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona.

Fizikia niliiacha nilipomaliza kidato cha pili, kama walivyoiacha wengi wa rika langu waliokuwa na mwelekeo wa lugha. Baadaye nikasoma mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, kisha shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu, na katika ngazi zote hizo hakuna aliyeniuliza tena wimbi ni nini. Nilipofika katika fonetiki akustika nilijifunza kusoma michoro yake kama mtu anayejifunza kusoma Kurani bila ya kujua Kiarabu: matamshi yalikuwa sahihi, maana ilikuwa kwa wenyewe.

Ninaishi Buguruni Malapa, katika nyumba niliyoachiwa na wazazi. Kituo nilichojiunga nacho kiko nyuma ya maduka, hatua chache kutoka Barabara ya Uhuru, katika vyumba viwili vya matofali visivyopigwa lipu. Wanafunzi wake ni watahiniwa wa kujitegemea wanaojiandaa kwa mtihani wa Baraza la Mitihani wa mwezi Novemba. Walikuwamo vijana waliopata alama hafifu na kurudia, askari wa kampuni ya ulinzi aliyekuja na sare yake, mama lishe wawili, na kijana mmoja aliyekuwa akiuza kuku sokoni. Walikuwamo pia watu ambao sikutarajia kuwakuta: wahitimu wa vyuo vikuu. Hawa walikuwa na shahada za sanaa, ajira hawana, na walikuwa wameamua kuanza upya katika kada za afya. Vyuo vya uuguzi na tabibu hutazama ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia katika mtihani wa kidato cha nne. Shahada ya historia au ya lugha haizibi pengo hilo, hata iwe ya daraja la kwanza. Kwa hiyo mtu mwenye joho na picha ya mahafali ukutani hulazimika kurudi kwenye dawati pamoja na watoto wa miaka kumi na saba.

Si jambo geni kwa mtu mzima wa mji huu kusoma jioni. Mwaka 1960 Chuo cha Makerere kilifungua hapa tawi la masomo ya nje ya chuo kwa ajili ya watu wazima. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza, kikiwa chuo kishiriki, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, mahali ambapo mtu wa Buguruni angeweza kufika kwa miguu. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Lile tawi la masomo ya nje lilikuwa sehemu ya chuo hicho hadi mwaka 1975, lilipopewa sheria yake na kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inayojitegemea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo liliwafungulia wafanyakazi mlango wa chuo kikuu, na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliuongezea upana mlango huo. Ila katika kituo chetu hapakuwa na chuo kikuu wala taasisi. Palikuwa na kijana mmoja tu mwenye shahada ya sayansi na ualimu, aliyekuwa akisubiri ajira ya serikali kwa mwaka wa nne. Nikimtazama nilikuwa nikijiambia kwamba chuo kikuu kimekuja Buguruni chenyewe, bila ya kutumwa na mtu.

Siku ya kwanza aliponiona aliniamkia, "Shikamoo mama," kisha akasubiri, akidhani nimekuja kulipia karo ya mwanangu. Nilipomwambia kwamba mwanafunzi ni mimi, alinitafutia kiti cha plastiki. Wenzangu walipopata habari kwamba ninaitwa Dokta, wiki ya pili mama lishe mmoja aliniomba nimtazame mguu uliovimba. Ilinibidi nieleze kwamba mimi ni daktari wa maneno. Alinitazama kwa huruma.

Mwalimu wetu alifundisha kwa lugha ambayo kila mtu aliyepita katika sekondari zetu anaifahamu. Maneno yanayobeba dhana yalikuwa ya Kiingereza na maneno yanayobeba binadamu yalikuwa ya Kiswahili. "Fosi ikiwa kubwa na eria ikawa ndogo, presha inakuwaje?" Mtihani ni wa Kiingereza, na yeye hakuwa na wakati wa kuchezea. Wote waliokuwa pale walisoma Maarifa ya Jamii na Sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Walipovuka kwenda kidato cha kwanza waliyaacha maneno hayo ng'ambo ya mto. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Wasomaji wa jarida hili wanajua yaliyofuata, wala sina haja ya kuyarudia.

Jioni ya somo la presha aliuliza kama kawaida yake, "Presha ni nini?" Mama lishe akajibu, "Ugonjwa wa watu wazima," na darasa zima likanigeukia mimi. Baada ya kicheko kutulia nilinyoosha mkono, nikasema kwamba istilahi yetu sanifu ni kanieneo. Kikaja kicheko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Mwalimu alitabasamu kwa adabu. Akageuka kuandika kanuni ubaoni, kani juu, mstari, eneo chini, halafu mkono wake ukasimama. Alilisoma lile neno tena polepole, akilikata katikati: kani, eneo. "Kumbe limeandikwa humohumo," alisema.

Nami pia ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona. Ninakiri hivyo. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo darasani kama mfano wa uambatanishaji, nomino mbili zilizounganishwa kuwa moja, na kulipa alama ya juu kwa ufupi wake. Sikuwahi kujua kwamba mpangilio wake ndio fasili yenyewe: kani inayogawanywa kwa eneo. Mwalimu alimwita yule mama lishe mbele, akachora ndoo ya lita ishirini juu ya kichwa. Uzito wa maji hayo ni nyutoni 200 hivi. Ndoo ikikaa juu ya utosi mtupu na kugusa sentimita za mraba kumi tu, kanieneo ni paskali 200,000. Ukiweka ngata na mgusano ukawa sentimita za mraba mia moja, inashuka hadi paskali 20,000. Maji ni yaleyale na kichwa ni kilekile. "Ndiyo kazi ya ngata," alisema mama lishe, kwa sauti ya mtu aliyeelezwa jambo ambalo shingo yake ilikwisha kulijua. Tangu jioni ile neno kanieneo halikuchekwa tena. Vijana walilitumia kati yao kukumbushana kanuni, kisha wakaandika jibu kwa Kiingereza.

Nilikuwa na nakala yangu ya Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, na wiki iliyofuata niliibeba. Ilizunguka madawati yote. Mwalimu, aliyesoma Fizikia miaka mitatu katika chuo kikuu cha Tanzania, hakuwahi kuiona.

Ni wakati kamusi ile ilipozunguka ndipo nilipotambua uso wa binti aliyekuwa akikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, tangu mwezi Machi. Aliipokea, akaifungua, akaipitisha kwa mwenzake haraka kama kitu cha moto. Baada ya kipindi alinisubiri nje.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Kumbe ni wewe?"

Nilimfundisha mwaka wa pili na wa tatu. Alihitimu shahada ya sanaa mwaka 2017 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa Kiswahili, akajitolea kufundisha shule moja kwa miaka miwili akingoja ajira, kisha akawa muuzaji katika duka la dawa. Sasa alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa akijificha, alisema, kwa sababu hakutaka nijisikie vibaya. Tulitembea pamoja kuelekea kituo cha daladala, akanieleza jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Hakulisema kwa uchungu. Alisema, "Dokta, somo lako la istilahi nilipata A. Kani, kanieneo, mchapuko, usanisinuru, zote nilizichambua muundo wake. Hapa ndipo ninajua kani ni nini."

Sikuwa na la kumjibu. Somo hilo tunalifundisha kwa kufuata Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko cha mwaka 1992, kitabu ambacho ningali ninakiheshimu. Aibu haikuwa ya kitabu. Sisi walimu ndio tuliochukua njia za kuunda maneno na kuwaacha nje wale wenye vitu vinavyoitwa kwa maneno hayo.

Mwezi Agosti tulifika katika mawimbi. Reli ya Kati inapita Buguruni, na jioni moja treni ilipiga honi ikiwa inakuja, ikaendelea kuipiga ikiwa inatupita. Mwalimu alinyamaza kuisikiliza, kisha akatuamuru tuiige kwa midomo. Wote tuliiga sauti inayoshuka. Alituambia tuchukulie kwamba honi ni ya hezi 400 na treni inakwenda mita 10 kwa sekunde. Tukapiga hesabu, tukapata kama 412 inapokuja na 389 inapokwenda. Miaka yote hiyo nilikuwa nikidhani ni uchovu wa honi.

Wiki iliyofuata alileta pipa la plastiki la kuhifadhia maji, akalijaza, na kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa mita moja, kilicho wazi pande zote mbili. Maabara hatukuwa nayo. Hii ndiyo ilikuwa maabara. Alilizamisha bomba wima ndani ya maji, akaweka simu yake juu ya mdomo wa bomba, na kwa programu fulani akaifanya itoe mlio mmoja usiobadilika wa hezi 500. Mlio ulikuwa mdogo, wa kukera, kama mbu. Kisha akaanza kulivuta bomba juu taratibu. Sentimita tano, hakuna kitu. Kumi, hakuna kitu. Karibu na kumi na sita sauti ilivimba ghafla, ikajaa chumba, kana kwamba kuna mtu ndani ya pipa aliyeidaka. Alipozidi kuvuta, ikazima.

"Limeitika!" Yule binti alikuwa amesimama. "Mwalimu, bomba limeitika!"

Mwalimu aliendelea kuvuta, na bomba likaitika tena kwenye sentimita 51. Tofauti ya 16 na 51 ni 35, nayo ni nusu ya urefu wa wimbi. Wimbi zima lina sentimita 70. Zidisha kwa 500, unapata mita 350 kwa sekunde. Askari wa ulinzi alipinga, kwa kuwa kitabu chake kinasema 340. Mwalimu alieleza kwamba sauti husafiri mita 331 kwa sekunde penye nyuzi sifuri, na huongezeka mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chumba chetu kilikuwa na nyuzi thelathini na zaidi. "Kitabu kimeandikwa na watu wa baridi," alisema. Niliuliza kwa nini mwitiko wa kwanza haukuwa kwenye 17 na nusu, robo kamili ya wimbi. Alijibu kwamba wimbi huchungulia nje kidogo ya mdomo wa bomba, na kwamba hilo nalo lina hesabu yake.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuacha kuandika. Bomba lililozibwa upande mmoja na maji na kuwa wazi upande mwingine. Koo lililozibwa upande mmoja na nyuzi za sauti na kuwa wazi midomoni. Sentimita 17 ndio urefu wa njia ya sauti ya mwanamume mzima, tangu nyuzi za sauti hadi midomo. Bomba la namna hiyo huitika kwa robo ya wimbi, robo tatu, robo tano, na kamwe si kwa robo mbili wala nne, kwa sababu mwisho wake mmoja umefungwa na hewa ya hapo haiwezi kucheza. Moja, tatu, tano. Hezi 500, 1500, 2500. Jibu la mwanafunzi wangu wa uzamili lilikuwa ndani ya pipa la maji la Buguruni, na nilikuwa nimemwambia asome Fant.

Mwalimu alitwambia kila mmoja alishike bomba linapoitika. Lilikuwa likitetemeka mkononi. Si mbali na hapo iko shule ya msingi ya viziwi ya Buguruni, iliyoanzishwa mwaka 1974, ambayo nimepita mbele yake maisha yangu yote ya utu uzima nikienda kufundisha sayansi ya sauti kana kwamba sauti ni mali ya sikio peke yake.

Lakini kilichoninyima usingizi usiku ule ni lile neno la binti. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilialikwa katika kikao cha kusanifu istilahi za fonetiki. Taasisi iliyokiitisha haina haja ya kutajwa. Ilipofika zamu ya dhana hii hasa, ya kitu kuvuma chenyewe kinapofikiwa na mlio unaolingana nacho, mhadhiri msaidizi mmoja, kijana aliyekuwa mgeni kabisa katika vikao hivyo, alipendekeza mwitiko. Nilimpinga. Nilizungumza kwa karibu robo saa. Nilisema mwitiko limekwisha kuchukuliwa na wahakiki wa fasihi, na kwamba tunalo neno la siku nyingi, fupi, linalojulikana na kila mtu: mwangwi. Kijana alijaribu kusema kwamba mwangwi ni jambo jingine. Nikamuuliza kama ana ushahidi wa kimaandishi. Hakuwa nao. Kura zilipigwa, mwangwi ukashinda. Mtaalamu wa Fizikia aliyealikwa hakutokea siku ile, na hatukuona sababu ya kumsubiri.

Mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kugonga kizuizi, nao hurudisha chochote unachoupa: jina, kikohozi, kilio cha mtoto. Bomba halirudishi kitu. Hukaa kimya kwa milio yote, na huitika tu linapoitwa kwa jina lake, jina ambalo limeandikwa katika urefu wake. Tena, ili sikio liweze kuutenga mwangwi na sauti iliyouzaa, kizuizi hakina budi kuwa umbali wa mita 17 hivi. Nilikuwa nimechukua jambo la mita 17 nikalipachika ndani ya koo la sentimita 17, kwa kura, huku aliyekuwa na neno sahihi akinyamazishwa kwa cheo changu. Naye alilijua kwa njia ileile aliyolijua yule binti: kwa kuwa Kiswahili chetu kina kitenzi cha kujibu unapoitwa, na kila mtoto wa hapa amefundishwa kukitii kabla hajafundishwa kusoma.

Mtihani wa Novemba sikuufanya. Nilikwisha kujaza fomu, nikaiacha mezani hadi siku ya mwisho ikapita. Nilijitetea kwamba nilikuwa na tasnifu za kusahihisha, nazo kweli zilikuwapo. Lakini niliogopa kupata F mbele ya watu wanaoniita Dokta. Binti aliufanya. Matokeo yalipotoka mwezi Januari 2023 alikuwa na C ya Biolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia. Zilimtosha. Aliingia chuo cha uuguzi mwaka huohuo. Mwalimu wetu aliajiriwa katika wilaya ya mbali, na kituo kimepata mwingine, naye pia anasubiri.

Muhadhara wangu wa fonetiki akustika sasa huanza kwa ndoo ndefu ya maji, bomba na simu. Wanafunzi hulowa, na wafagiaji wamekwisha kunilalamikia. Somo la istilahi ninalifundisha pamoja na mwenzangu wa Kitivo cha Sayansi, ambaye hana subira na uambishaji lakini hukataa neno lolote ambalo hawezi kulipima. Kumbukumbu za kile kikao zimekwisha chapishwa, na mwangwi ungali umo. Nimeandika barua mbili kuomba mjadala ufunguliwe upya. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa.

Yule mhadhiri msaidizi alikwisha kuacha kazi ya chuo kikuu. Ilinichukua muda kupata anwani yake. Nilimwandikia kurasa tatu, nikamweleza juu ya pipa, bomba na binti aliyesimama, na kwamba alikuwa amesema kweli siku ile. Jibu lake lilikuwa la mistari miwili. Alinishukuru, akanipa pole kwa usumbufu, akasema kwamba kikao hicho hakikumbuki vizuri. Chini ya sahihi yake, kwa wino mwingine, alikuwa ameongeza swali: je, tulijaribu na bomba lililo wazi pande zote mbili?

Hatukujaribu. Nimelinunua, liko hapa pembeni mwa meza.